Nilivyoipamba Damu Yangu

Kwa wiki mbili nilijiandaa kwa kipimo cha damu kama mtu anayejiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne. Niliacha chipsi mayai. Niliacha soda. Niliacha maandazi ya asubuhi, na kwa mtu anayefanya kazi Kariakoo hilo ni karibu sawa na kuacha kusalimia watu. Nilikula mchicha, maharage na parachichi, nikanywa maji ya ndimu bila sukari, na jioni nikatembea kwa miguu kutoka dukani mpaka nyumbani Ilala huku simu ikinihesabia hatua. Hatua zikipungua, nilizunguka nyumba mpaka zitimie. Sikumwambia mtu kwa nini. Watu walidhani nimepata mchumba.

Ukweli ni kwamba nilikuwa na kitu kwenye titi la kushoto, na nilitaka damu inisemee.

Nauza vifaa vya mafundi cherehani. Duka letu liko ndani ya jengo moja la Kariakoo lenye maduka yaliyobanana kiasi kwamba ukipiga chafya, jirani anakujibu. Tunauza zipu, nyuzi, lesi, mpira wa kiunoni, na vifungo. Hasa vifungo. Mwenye duka ni mama mmoja kutoka Kilimanjaro, mkali wa sura na mwepesi wa kucheka, na aliniajiri kwa sababu siku niliyokuja kuomba kazi aliniacha nikisubiri nusu saa, akarudi akakuta nimepanga upya droo nzima ya vifungo vyake. "Nani kakutuma?" akauliza. Nikasema samahani, mama, sikuweza kuviangalia vile. Akasema njoo kesho.

Vidole vyangu vinavijua vifungo bila macho. Naweza kuingiza mkono kwenye mfuko mchanganyiko nikakwambia hiki cha shati, hiki cha mfuko wa nyuma, hiki cha koti. Sijisifu, huu ni ugonjwa. Nikikuta kifungo cha matundu manne kwenye droo ya matundu mawili, silali na amani mpaka nimeikagua droo yote.

Kwa hiyo asubuhi moja nikiwa naoga, vidole vilitambua kabla yangu. Ukubwa wa kifungo cha shati la mwanafunzi, ila chenye tumbo. Hakiumi. Kinateleza ukikigusa, kama kinataka mchezo. Kuanzia siku hiyo nikawa nakipima kila asubuhi. Niliweka vifungo vitatu vya saizi tofauti pembeni ya sabuni, vya kulinganishia, na siku yangu nzima ilifuata kilichosemwa na vidole. Kikiwa kidogo, niliimba dukani. Kikionekana kimeongezeka nusu saizi, nilimpa fundi zipu nyekundu aliyeomba nyeusi.

Mtu mwenye akili timamu angekwenda hospitali siku ya kwanza. Mimi nilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ni mama mdogo.

Mama mdogo wangu, kitinda mimba kwao mama, alifariki kwa saratani ya titi nikiwa darasa la sita. Hakufika miaka arobaini. Nyumbani ugonjwa huo haukutajwa hata mara moja. Walisema anaumwa kifua. Nami nikaamini ni kikohozi, nikawa namchemshia tangawizi kila nikitoka shule, naye alikuwa anainywa yote na kuniambia kifua kimefunguka. Nilikuja kujua ukweli ukubwani, kwa kusikia mazungumzo ya watu wazima nyuma ya mlango. Mama yangu, anayeuza mitumba Mchikichini na sauti yake inavuka safu nne za meza, hadi siku hizo akifika kwenye habari za mdogo wake alikuwa anashusha sauti, hata tukiwa wawili tu chumbani. Nilichoogopa ni hicho. Niliogopa siku mama atakayoshusha sauti kwa ajili yangu.

Nikiogopa, huwa nasoma. Shule yangu iliishia kidato cha nne, na matokeo yenyewe nisingependa kuyazungumzia. Yote niliyoyajua baada ya hapo nilijifundisha kwa simu, wakati wa chakula cha mchana, nikiwa nimekaa juu ya katoni za zipu: Kiingereza, hesabu za duka, kushona kola. Sasa nikaanza kujifundisha damu. Nilinunua daftari la mistari na kalamu za rangi tatu. Bluu kwa nilichokielewa, nyekundu kwa nisichokielewa, kijani kwa nilichokielewa na sikukipenda.

Nilijifunza kwamba damu imebeba vitu vidogo sana, ambavyo mwili unavitumia na kuviacha unapokuwa kazini: sukari, mafuta ya aina nyingi, na vile vijenzi ambavyo protini hujengwa navyo. Ukila, vinabadilika. Ukikaa na njaa, vinabadilika. Ukibeba mimba, ukinenepa, ukinywa pombe, vinabadilika tena. Nikafananisha na vipande vya vitambaa na nyuzi unavyovikuta chini ya meza ya fundi. Ukivitazama vizuri unaweza kubashiri alikuwa anashona nini. Ndivyo wanavyofanya watafiti. Wanachukua damu ya wanawake ambao bado wanaona siku zao, wanaihifadhi kwenye baridi, wanasubiri miaka, kisha wanalinganisha damu ya walioumwa saratani ya titi na ya wasioumwa, waone kama vipande vya chini ya meza vilikuwa tofauti mapema. Wengine wanaona kitu, wengine wakirudia hawakioni. Nilichokielewa, kwa kalamu ya kijani, ni kwamba bado wanatafuta. Nilichotaka kukielewa ni kwamba ipo karatasi mahali fulani itakayoniambia ndiyo au hapana bila mimi kuvua blauzi.

Ndipo jirani akaja na orodha yake.

Jirani ni dada kutoka Lindi, anauza bitana, vile vitambaa vya ndani ya makoti, duka la pili kutoka letu. Kanizidi miaka sita au saba na sauti mara kumi. Alikuwa amezungumza na kliniki moja ndogo ya Upanga ili wanawake wa jengo letu tukapimwe damu, sukari na mafuta, Jumamosi asubuhi wiki mbili mbele.

"We mwali wa vifungo, nikuandike?"

"Wanapima nini na nini?"

"Sukari, mafuta na uvivu."

"Mafuta ya aina gani, dada?"

"Ya kwako wewe ni ya kupaka tu, mwili wenyewe huna. Nikuandike au niendelee na safari yangu?"

Nikamwambia aniandike. Nilijua kabisa kwamba kipimo cha kawaida cha mafuta si kile nilichokisoma. Niliandika hivyo daftarini kwa mkono wangu. Lakini hofu haisomi daftari. Nilijiambia kwamba damu yangu ikitoka nzuri kila mstari, basi na kile kitu kitakuwa si kitu. Nikapata wiki mbili, na wiki mbili nikazitumia kuipamba damu yangu kama bibi harusi. Bosi wangu ndiye aliyelalamika. "Hizo ndimu zako," alisema, "zinakufanya uwaangalie wateja kama wamekuibia."

Maelekezo ya kliniki yalibandikwa kwenye nguzo ya jengo: msile chochote baada ya saa mbili usiku, maji ruksa. Niliyanakili na kuyapigia mstari mara mbili.

Jumamosi tukaenda wanawake sita kwa bajaji mbili. Pale kliniki alitupokea nesi mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Tukamwamkia, akaitika, akaanza kutuuliza mmoja mmoja tumekula mara ya mwisho saa ngapi.

"Saa moja na dakika arobaini jioni, sista," nikasema. "Mchicha, maharage na nusu parachichi. Asubuhi maji glasi mbili, saa kumi na mbili kamili."

Akanitazama juu ya miwani. "Hongera, mwanangu. Wote wangekuwa kama wewe kazi yetu ingekuwa starehe."

Nilijisikia kama nimepewa nyota kwenye daftari. Mshipa wangu ulionekana mara moja, damu ikatoka vizuri, kichupa kikaandikwa jina langu na kuwekwa kwenye kishikio chake. Nikakaa benchi na pamba mkononi, nimenyooka mgongo. Akafuata jirani.

"Na wewe, dada?"

"Mimi nimefuata kila kitu. Tangu asubuhi sijagusa hata tone la maji."

"Tangu asubuhi. Na kabla ya asubuhi?"

"Kabla ya asubuhi si daku?"

Nesi akaweka kalamu chini. "Daku? Huu si mwezi wa Ramadhani."

"Sista, sasa nitakaaje na njaa mpaka saa tatu hii bila daku? Nimeamka saa kumi, nimekula tambi, uji na tende tatu. Kabla ya adhana mdomo nimeufunga. Sijamdanganya mtu."

"Karatasi imeandikwa saa mbili usiku!"

"Nimeiona. Ila nikajua aliyeandika ni Mkristo." Akanigeukia mimi na kidole. "Kama huyu. Hawa Kwaresima wanakunywa maji mchana kweupe na wanasema wamefunga. Nikasema masikini, kasahau kuweka daku, ngoja nimsaidie."

Benchi zima lilianguka kwa kicheko. Nesi alivua miwani akajifuta macho, akaushika mkono wa jirani na kuugeuzageuza. "Tena ulipotakiwa kunywa maji ndipo hukunywa. Mshipa wenyewe umejificha. Rudi Jumatatu, dada yangu. Na asante kwa kusema, maana leo ningepima tambi nikaziita damu."

"Jumatatu nitakuja na njaa ya Kikristo," alisema jirani, akainuka akipiga makofi, hana hata chembe ya aibu.

Wengine waliendelea kucheka. Mimi nilikitazama kichupa changu. Huyu alikuwa amekosea maelekezo yote mawili, na swali la kwanza tu aliloulizwa akasema kila kitu mpaka idadi ya tende. Mimi sikukosea hata neno moja, nimepewa hongera mbele ya watu, na kile kichupa pale kwenye kishikio kilikuwa uongo mtupu. Hilo nililihisi mwilini, kama ninavyohisi kifungo kilichokosea droo. Nilijua sitaweza kutoka pale kikiwa kimebaki vile.

Wenzangu walipotoka kutafuta supu, nilirudi kwa nesi.

"Sista, naomba ile damu yangu uimwage."

"Niimwage?"

"Siyo yangu."

Akakichukua kichupa, akasoma jina, akaniangalia. "Ni yako. Nimekutoa mwenyewe."

"Ni ya hizi wiki mbili tu." Nikamwambia yote. Ndimu, mchicha, hatua, mizunguko ya nyumba. Nilizungumza haraka kama naripoti wizi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kula mchicha si dhambi, mwanangu. Endelea nao."

"Nilitaka itoke nzuri."

"Itoke nzuri ili iweje?"

Hilo halikuwemo daftarini kwa rangi yoyote. Nikafungua mdomo nikasikia sauti yangu, kubwa kuliko nilivyokusudia: "Ili isije ikasema nina saratani ya titi."

Nilikuwa sijawahi kulitamka neno hilo kwa sauti. Nilitazamia kitu fulani kitokee, taa izimike, sijui. Hakuna kilichotokea ila mlangoni jirani, aliyerudi kuchukua mtandio wake, aliacha kutafuna.

Nesi alivuta kiti, akaniambia nikae. "Damu hii haiwezi kusema hivyo hata uipambe namna gani. Itaniambia sukari na mafuta, basi."

"Lakini watafiti wanaangalia," nikasema, na nikafungua daftari. Sijui nilikuwa nabishana na nani. Alilichukua akasoma kurasa mbili kwa kweli, akifuata mistari kwa kidole, mpaka penye vipande vya chini ya meza ya fundi.

"Umejifundisha mwenyewe?"

"Ndiyo, sista."

"Umeandika vizuri sana. Sasa nisikilize. Haya ni mambo ya wanawake wengi kwa pamoja. Hata siku watakapomaliza kutafuta, yatasaidia kujua nani aangaliwe kwa karibu zaidi. Hayatakwambia uvimbe fulani ni nini." Akanirudishia daftari. "Una uvimbe?"

"Ndiyo."

"Una muda gani?"

"Miezi mitatu na siku tisa."

"Ukubwa?"

Nikaingiza mkono kwenye pochi, nikatoa kifungo, nikakiweka mezani mbele yake. Nesi alikitazama kifungo, akanitazama mimi, akakitazama tena.

"Jamani," alisema jirani pale mlangoni, machozi yanamtoka na kicheko kinamtoka, vyote pamoja, "huyu mtoto kaja na sampuli!"

Hapo ndipo na mimi nilipocheka, mara ya kwanza kwa wiki kadhaa, kicheko cha kuumiza mbavu. Nesi alitikisa kichwa. "Fundi mzima unakaa chini ya meza unaokota vipande," alisema, "na gauni liko hapa juu. Twende tukalitazame gauni."

Daktari alikuwa dada kijana, nadhani hakunizidi sana umri. Jirani hakuulizwa kama aingie au asiingie, aliingia tu, akashika pochi yangu kwa mkono mmoja na mkono wangu kwa mwingine. Daktari aliniuliza kama kwetu kuna aliyewahi kuugua, nikamtaja mama mdogo. Akapapasa, akanipaka ile jeli ya baridi, akapitisha mashine. Kwenye kioo nikakiona kitu changu: kivuli kidogo cha mviringo, kimetulia.

"Kingo zake ni laini," alisema. "Kinafanana na uvimbe wa kawaida kwa wasichana wa umri wako. Lakini kwa kuwa una historia kwenye familia, na mimi siamini macho peke yake, nitachukua kinyama kidogo kwa sindano kikapimwe. Alhamisi uje."

Sindano iliuma kidogo kuliko nilivyokuwa nimejiandikia. Jirani ndiye aliyepiga kelele.

Njiani aliapa kwa Mungu hatamwambia mtu. Mimi nikajipa kazi moja niliyoona ni ngumu kuliko sindano: kumwambia mama. Jumapili baada ya ibada nilimfuata Mchikichini, nikamkuta amesimama katikati ya marundo ya blauzi, ananadi. Nikamvuta pembeni. Nikashusha sauti, nikamwambia.

Mama alinitazama, blauzi mkononi. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kunadia mitumba, "Saratani?"

Wateja wawili waligeuka.

"Hawajui, mama. Majibu Alhamisi."

"Mdogo wangu alikuwa na saratani ya titi," alisema, wala hakumwangalia mtu, "akakaa nayo kimya mwaka mzima, kwa kuwa aliona aibu, na sisi tukaona aibu pamoja naye. Wewe umeshaonyesha titi lako kwa daktari. Umeshampita." Halafu akarudi kwenye rundo, akachambua mpaka akapata blauzi moja ya bluu, akanitupia. "Hii inafunguka mbele. Alhamisi uivae, dokta asihangaike."

Nilitembea kurudi nyumbani na ile blauzi kwapani, na sikuhesabu hatua.

Jumatatu nilipofika dukani, niligundua kwamba kiapo cha jirani kilikuwa na mlango wa nyuma: alikuwa amemwambia bosi wangu peke yake. Bosi alikuwa amemwambia mama wa nyuzi, wa duka la mkabala, peke yake. Kufikia mchana, jengo zima lilikuwa linanisalimia kwa upole wa ajabu, na muuza kahawa alinipa kashata bila kudai hela. Nilikasirika kama saa moja. Kisha nikagundua kwamba kile kitu nilichokibeba miezi mitatu peke yangu kilikuwa kimegawanywa kama kashata, kila mtu na kipande, na changu kimebaki kidogo.

Alhamisi, saa nne kasoro, bosi alivuta mlango wa duka chini. Duka letu halijawahi kufungwa saa hiyo, hata siku maji ya mvua yalipoingia mpaka droo ya tatu.

"Mama, nitaenda mwenyewe," nikasema. "Mimi siumwi."

"Nani kasema unaumwa?" alidakia jirani, amejifunga kanga mpya, ana chupa ya chai mkono mmoja na hotipoti ya vitumbua mwingine. "Sisi tunasindikiza kifungo."

Kwa hiyo Upanga tulifika wanne, mama wa nyuzi akiwemo, na mama yangu tukamkuta ameshatangulia, amekaa benchi la mbele kabisa kama mzazi siku ya kufunga shule. Niliitwa. Nikaingia na mama.

Daktari alitabasamu kabla hajakaa. Mimi sikuliamini tabasamu, nilitaka maneno.

"Si saratani," alisema. "Ni ule uvimbe niliokuambia, wa nyama za titi lenyewe. Hauna madhara. Tutautazama tena baada ya miezi sita, na kwa sababu ya mama mdogo wako, utakuwa unakuja kila mwaka bila kukosa."

"Naomba urudie, dokta."

Akarudia.

"Jina hapo ni langu? Na imeandikwa kushoto?"

"Kushoto."

"Umri?"

"Mwanangu," alisema mama, "umri utaukagua nyumbani." Akasimama, akafungua mlango, akapiga kigelegele kilichomtoa mlinzi getini. Bosi wangu alikuwa akisali kwa Kichaga, jirani akimshukuru Mungu kwa Kiarabu, na mimi katikati nimevaa blauzi ya bluu, nalia na kucheka. Jirani akafungua hotipoti, akaanza kugawa vitumbua benchi zima. "Kuleni, kuleni, leo ni sherehe, chukua, mama, chukua viwili!"

"Acha!" Nesi alitoka mbio chumbani kwake, miwani inarukaruka kifuani. "Usiwape! Hao wanasubiri kutolewa damu! Hawajala tangu jana!"

Mzee mmoja alishatafuna kimoja na nusu. Alimtazama nesi, akamtazama jirani, akamalizia ile nusu. "Nitarudi kesho," alisema. "Vitamu."

Majibu ya sukari na mafuta nayo yalikuwa yametoka. Nesi alinipa karatasi kwa vidole viwili. "Hii ni damu ya malaika," alisema, "sina mazungumzo nayo. Rudi baada ya miezi miwili ukiwa unakula kama unavyokula, nimpime yule wa Kariakoo." Nikamuahidi. Siku hiyo hiyo nilikula chipsi mayai, na nakiri sikumbuki kama niliwahi kula kitu kitamu vile.

Tulirudi dukani wote, na mama pia, kwa kuwa hakuna aliyetaka kutawanyika. Bosi alikuwa bado hajapandisha mlango vizuri jirani aliponivuta mkono kuelekea stoo, nyuma ya katoni za zipu.

"Sasa," alisema, "tufundishe."

"Niwafundishe nini?"

"Ulivyokikuta. Mimi nina miaka yangu yote hii na sijui hata naanzia wapi. Ukiniuliza bitana, nakwambia kwa kugusa. Haya mawili yangu mwenyewe siyajui."

Bosi alikohoa, akaingia stoo. Mama wa nyuzi akaingia. Nikajikuta nimesimama mbele ya wanawake watu wazima, mimi niliyefeli baiolojia, nafundisha. Niliwaambia watumie vidole vitatu, ile sehemu laini, siyo ncha. Waende kwa viduara vidogo bila kuruka mahali. Wafanye siku chache baada ya hedhi, maana kabla yake matiti hujaa na kudanganya. Wasisahau kwapani. Na wakikuta kitu kipya, wasikae na kifungo pochini miezi mitatu, waende siku hiyo hiyo.

"Mbona la kulia ni kubwa kuliko la kushoto?" aliuliza bosi, kwa hofu ya kweli.

"Ya wote yako hivyo, mama."

"Ya wote?"

"Yangu yako sawasawa," alisema jirani.

"Muongo! Hebu tuone."

Kilichofuata sitakiandika. Katoni mbili za zipu zilianguka.

Mama yangu alikuwa amebaki mlangoni mwa stoo. Alitutazama muda mrefu, mikono imekumbatia mkoba wake. Kisha akauweka chini, akaja akasimama mbele yangu, akaniambia kwamba tangu amzike mdogo wake hajawahi kujigusa hata wakati wa kuoga, anapitisha sabuni huku anatazama ukuta. "Naanzia wapi?" akauliza.

Nikauchukua mkono wake, nikaweka wangu juu yake. "Juu, karibu na bega, mama. Taratibu. Hatuna haraka."

Alifumba macho. Vidole vyake, ambavyo vinaweza kujua uzito wa kitambaa gizani, vilianza kwenda, duara kwa duara, na kiganja changu kikavifuata. Tulimaliza la kushoto. Hakukuwa na kitu. Akafumbua macho, akashusha pumzi.

Huko mbele fundi mmoja alikuwa amefika, anagonga meza ya duka kwa sarafu. "Kuna mtu humu? Nataka zipu nyeusi dazeni moja! Jamani wa vifungo!"

Hakuna aliyesogea. Mama ndiye aliyegeuza kichwa na kumjibu, kwa sauti ya Mchikichini, ile inayovuka safu nne za meza:

"Subiri, baba! Limebaki titi moja!"